Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Maneno kwa Vijana Waandika Programu wa Mwanza

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi mbele ya vijana wanaojifunza na wanaofanya kazi ya kuandika programu, katika ukumbi mdogo huku Nyegezi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, na pale nilipoulizwa swali nimeliingiza jibu mahali pake.

Mwangaluka, ndugu zangu. Wakubwa mlioketi mbele, shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Nawashukuru mliopanda daladala mbili kutoka Igoma na Buzuruga mkafika kwa wakati. Nawashukuru pia mliotoka ng'ambo, Sengerema. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa, Juni 2025, safari hii ingewala asubuhi nzima kivukoni.

Nimeombwa nizungumzie CI, kifupi cha continuous integration. Kwa Kiswahili naiita uunganishaji wa mfululizo. Kila mtu katika timu analeta kazi yake kwenye ghala moja la msimbo, mara kwa mara, hata mara kadhaa kwa siku. Na kila inapoletwa, mashine inaijenga upya yote na kuipima. Mhandisi wa programu Grady Booch alilitumia jina hilo mwaka 1991, na mhandisi mwingine, Kent Beck, na wenzake wakalifanya desturi ya kazi mwishoni mwa miaka ya 1990. Leo nitazungumzia ile inayotolewa kama huduma mtandaoni. Mashine si yako, huijui iliko, unaitumia dakika saba ikufanyie kazi, kisha inafutwa.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilipokuwa mtoto nilijua maana moja tu ya methali hii: mgeni akifika kuku anachinjwa, na sisi wenyeji tunakula naye. Kazi hii ndiyo iliyonionyesha maana nyingine. Mwenyeji amezoea nyumba yake. Anajua ule mlango lazima uinuliwe kidogo ndipo ufunguke, na anainua bila kufikiri. Mgeni akija, anausukuma mlango, haufunguki, na siku hiyo ndiyo mwenyeji anamwita fundi. Mashine ya CI ni mgeni wa namna hiyo. Haijui chochote kuhusu nyumba yako. Na ninalotaka kuwaambia leo ni kwamba thamani yake yote iko katika huko kutojua.

Nianze na nyumba yetu ilivyokuwa kabla ya mgeni.

Tulikuwa watu watatu, tukitengeneza daftari la simu kwa ajili ya wanunuzi wa dagaa: mzigo ukipimwa, kilo zinaandikwa, bei inaandikwa, jina la mwenye mtumbwi linaandikwa, na mwisho wa siku hesabu inatoka. Kila toleo jipya lilikuwa linatengenezwa kwenye laptopu ya mwenzetu mmoja. Hatukupanga hivyo. Ilitokea tu kwamba kwake ndiko ilikokubali. Siku moja akapanda meli ya kwenda Nansio kwenye msiba wa shangazi yake. Jioni ile ile mnunuzi mmoja akapiga simu: bei mpya haiingii. Kosa lenyewe lilikuwa dogo, mstari mmoja. Tukalirekebisha ndani ya dakika kumi. Kisha tukakaa mpaka saa saba usiku tukishindwa kutengeneza toleo, kwa sababu mwenzetu miezi mingi nyuma alikuwa ameweka maktaba fulani, yaani msimbo wa watu wengine ambao programu yetu iliutegemea, kwenye laptopu yake kwa mkono, akasahau kuiandika kwenye orodha ya mahitaji ya mradi. Laptopu yake ilikuwa nayo. Zetu hazikuwa nayo. Na yeye alikuwa msibani, simu imezimwa, kama inavyostahili.

Hakuna aliyekuwa mzembe pale. Laptopu unayoitumia kila siku inajaa vitu ambavyo huvioni tena. Toleo fulani la lugha, faili uliloliacha mezani, neno la siri lililohifadhiwa, hata herufi. Laptopu ya Windows haijali kama picha inaitwa Mtumbwi.png au mtumbwi.png, zote kwake ni moja. Seva ya Linux inajali. Programu inapita kwako, inaanguka kule, na wewe unaapa kwamba kwako inafanya kazi. Unasema kweli. Tatizo ni hilo neno kwako.

Sasa mgeni anafanyaje kazi? Wengi hapa mmetumia Git, chombo cha kutunza msimbo na historia yake, kwa hiyo nitaeleza kwa kifupi. Ndani ya ghala lenu mnaweka faili moja la maandishi. Kwa GitHub Actions, huduma ya CI ya tovuti ya GitHub, linakaa kwenye folda ya .github/workflows, na kwa tovuti mwenzake GitLab linaitwa .gitlab-ci.yml. Humo mnaandika: kazi ikiletwa, chukua mashine ya Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, weka toleo hili la lugha, pakua maktaba zilizo kwenye orodha, endesha majaribio, yaani vile vijiprogramu vinavyoipima programu yenyewe. Mkisukuma komiti, yaani badiliko mlilolihifadhi kwenye Git, huduma inapata taarifa, inawasha mashine pepe mpya kabisa, inavuta msimbo wenu, inafuata maagizo mstari kwa mstari, na kila inachofanya inakiandika kwenye logi ambayo mnaweza kuisoma. Ikimaliza inaweka alama kando ya komiti: kijani au nyekundu. Halafu ile mashine inatupwa. Kesho inakuja nyingine, nayo haijui lolote. Mgeni mpya kila siku.

Kaka aliyeko pale nyuma ameuliza swali zuri: kwa nini nisiendeshe majaribio hayo hayo kwenye laptopu yangu, yaishe? Endesha. Kila mara kabla ya kusukuma, endesha. Lakini wewe ni mwenyeji, na jaribio lililopita mbele ya mwenyeji halijapimwa na mgeni.

Lipo jambo lingine linalotuhusu sisi wa huku kuliko linavyomhusu mtu wa Berlin, nalo ni bando. Mradi wa Android ukijengwa kutoka sifuri unapakua mamia ya megabaiti ya maktaba na vifaa. Ukitaka kuhakikisha kweli kwamba unajengeka upya, inabidi ufute vyote upakue tena. Nani hapa anaweza kufanya hivyo mara tano kwa siku kwa bando la kununua? Huduma ya CI inapakua kwa intaneti ya kule kule iliko. Wewe unasukuma kilobaiti chache za msimbo, basi. Na umeme ukikatika mtaani kwako baada ya kusukuma, mashine inaendelea, majibu yanakusubiri. Ninamfahamu dada mmoja ambaye hakuwa na laptopu kwa muhula mzima. Alikuwa akirekebisha mafaili madogo kupitia kivinjari cha simu, anasukuma, anasubiri alama ndani ya daladala ya kwenda Usagara. Mashine ile ya mbali ndiyo iliyokuwa kompyuta yake. Hilo kwangu ni jambo kubwa sana, na ndiyo sababu naipigia debe huduma hii mbele ya vijana wasio na vifaa kuliko mbele ya kampuni zenye vifaa vyote.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwenye kisa kimoja, maana ndicho kilichonifanya niamini.

Mnajua dagaa wanavuliwa usiku. Siku za giza, wakati mwezi haupo, wavuvi wanatoka na taa, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinawakusanya. Kwa hiyo hesabu ya mnunuzi wa dagaa si hesabu ya saa za ofisi. Mtumbwi uliojaza mapema unaweza kurudi mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, saa nane usiku, na mzigo unapimwa hapo hapo kwa tochi. Mapema tulimwuliza mama mmoja mnunuzi, mtu wa miaka mingi pale Mwaloni Kirumba: mama, mzigo uliopimwa saa nane usiku unauandika siku gani? Akatushangaa. Akasema, huo si ni wa usiku wa kuamkia Jumanne? Basi ni wa Jumanne.

Tuliandika maneno yake kama jaribio. Nakumbuka jina tulilolipa, kwa Kiswahili kabisa: mzigo_wa_saa_nane_usiku_ni_wa_siku_mpya. Lilikuwa na mistari michache. Tunaigandisha saa kwenye usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nane, tunapima kilo 40, kisha tunaiuliza programu: huu ni wa siku gani? Kwenye laptopu yangu likapita. Kwa mwenzangu likapita. Kwa yule wa Nansio likapita. Ndiyo ilikuwa wiki yetu ya kwanza na CI. Tukasukuma, tukangoja, ikaja nyekundu. Kwenye logi kulikuwa na mistari miwili ambayo naiona mpaka leo:

Ilitarajiwa: 2024-05-14
Imepatikana: 2024-05-13

Tukaiendesha tena. Nyekundu. Mwenzetu mmoja akasema mashine ya wazungu imekosea tarehe, tulizime hili jaribio tuendelee na kazi. Na nilikuwa karibu kukubali, kwa sababu tulikuwa tumeahidi toleo siku ya Ijumaa.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Laptopu zetu zote tatu zilikuwa zimewekwa saa za Afrika Mashariki. Mashine ya CI ilikuwa kwenye UTC, saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Sisi tukiwa saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, kwake bado ni saa tano usiku wa Jumatatu. Programu yetu haikuwa ikitaja popote kwamba hesabu ni ya saa za Tanzania. Ilikuwa inaiuliza mashine iliyomo, leo tarehe ngapi? Na kila mashine ilijibu kwa ukweli wake.

Tungekuwa tumefurahi hapo, tukasema sawa, ni jambo la mashine ya majaribio tu. Lakini mmoja wetu akaingia kwenye seva yetu halisi, ile iliyokuwa ikihudumia wanunuzi, akaandika amri ya date. Ikajibu UTC. Seva nyingi za kukodi huja hivyo hivyo. Maana yake kila mzigo uliopimwa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku tulikuwa tunauhesabia siku ya jana. Na usiku wa kuamkia tarehe mosi tulikuwa tunauhesabia mwezi uliopita. Tulirudi kwenye hesabu za miezi miwili. Makosa hayo yalikuwamo. Yule mama alikuwa amekwisha kulalamika kwamba daftari lake la karatasi na simu havipatani, nasi tulimwambia kwa heshima kwamba huenda alikosea kuandika. Tulikwenda kumwomba radhi, sote watatu, ana kwa ana. Alitusamehe, akatuuzia na dagaa.

Marekebisho yenyewe hayakuwa magumu. Muda wote unahifadhiwa kwa UTC, na inapotakiwa siku ya hesabu, programu inageuza kwa kutaja wazi Africa/Dar_es_Salaam, bila kuiuliza mashine maoni yake. Siku ile jaribio likawa kijani kwetu na kwa mgeni. Lakini fikirini: sisi watatu tungeweza kulipitia hilo jaribio mara elfu hapa Mwanza lisituonyeshe chochote, kwa sababu sote tunaishi katika saa moja. Alihitajika mtu asiyeijua saa yetu.

Na hapo ndipo nilipojifunza kuandika majaribio kwa maneno ya mwenye kazi. Saa zetu za Kiswahili zina utajiri wake na mitego yake. Mtu akiandika saa 8, ni saa nane mchana au saa nane usiku? Programu iliyoandikwa mahali pengine itadhani ni saa mbili asubuhi. Hakuna maktaba itakayokujulia hilo. Unapaswa kumwuliza mama pale mwaloni, uandike jibu lake kama jaribio, na mashine ilikumbuke kwa niaba yenu nyote, hata wewe ukiondoka kwenye mradi.

Ndugu zangu, huduma hii haipimi usichokiandika. Nimeona miradi yenye alama ya kijani inayong'aa juu ya ukurasa, ukifungua ndani hakuna jaribio hata moja. Mashine inawashwa, inapakua maktaba, inasema sawa, inazimwa. Alama hiyo ni ya kweli na haina maana. Anza na jaribio moja tu, la jambo ambalo likiharibika mtu atapoteza pesa. Kesho ongeza la pili.

Halafu kuna majaribio vigeugeu. Haya ndiyo yanayoua desturi hii katika timu nyingi, na nayachukia kuliko makosa yenyewe. Sisi tulikuwa na moja lililokuwa likiwasiliana na mfumo wa majaribio wa malipo ya simu, mtandaoni, kila linapoendeshwa. Mara linapita, mara mfumo ule wa upande wa pili umelala, linaanguka. Baada ya wiki mbili kila mtu alikuwa amejizoesha: ikija nyekundu, bonyeza irudie. Hakuna aliyesoma logi tena. Ndani ya wiki hizo hizo kosa la kweli likapita katikati yetu, kwa sababu lilivaa rangi tuliyoizoea. Tulilitoa jaribio lile kwenye njia ya kila komiti, tukaweka mahali pake jibu la kuigiza ambalo liko ndani ya mradi wenyewe, na lile la mtandaoni tukalipangia ratiba ya mara moja kwa siku. Tangu hapo sheria yetu ni kwamba nyekundu ikitokea kwenye tawi kuu, ule msimbo wa pamoja unaotoa matoleo, hakuna anayeunganisha kitu kingine mpaka sababu ijulikane. Inaumiza siku za mwanzo. Lakini timu inayopita kwenye nyekundu bila kugeuka haina haja ya kulipia huduma yoyote.

Nikitaja ratiba, jihadharini tena na saa. Ratiba kwenye GitHub Actions husomwa kwa UTC isipokuwa umeitajia saa za mahali. Ukiandika kazi ya saa sita usiku kwa hesabu yao, kwetu itaanza saa tisa usiku. Na kwenye mradi wa wazi usioguswa kwa siku 60, ratiba hiyo inazimwa yenyewe.

Sasa siri. Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, maana mgeni ni mgeni, na hata mgeni mwema humpi funguo za kabati.

Kila mwaka nakutana na kijana aliyeandika neno la siri la hifadhidata ndani ya msimbo, akausukuma kwenye ghala la wazi. Kulifuta kwenye komiti inayofuata hakusaidii, historia ya Git inalibeba. Ukishakosea hivyo, dawa ni kubadilisha neno lenyewe siku hiyo hiyo. Huduma za CI zina mahali maalumu pa kuwekea siri, zinaingizwa kwenye mashine wakati wa kazi na kufichwa kwenye logi. Patumieni. Lakini msidhani hapo ndipo mwisho. Januari 2023 CircleCI, mojawapo ya huduma hizi, iliwataka wateja wake wote wabadilishe siri zao zote, kwa sababu mvamizi alikuwa ameingia kwenye mifumo yao kupitia laptopu ya mhandisi mmoja iliyoambukizwa programu hasidi. Machi 2025 kikatokea kisa kingine: kipande kimoja cha msimbo kilichotumiwa na maghala zaidi ya 23,000 kwenye GitHub Actions, jina lake tj-actions/changed-files, kilivamiwa, na alama za matoleo yake zikageuzwa zielekee kwenye msimbo uliokuwa ukimwaga siri ndani ya logi. Aliyeandika kwamba anatumia toleo fulani kwa jina alipata msimbo mwingine chini ya jina lile lile. Aliyekuwa ameandika namba kamili ya komiti salama, ile ndefu ya herufi 40, aliendelea kupata msimbo ule ule alioukagua.

Kwa hiyo sisi tunafanya hivi: vipande vya watu wengine tunavitaja kwa namba ya komiti. Ufunguo tunaoupa CI unaruhusu jambo moja tu, na hautumiki mahali pengine popote. Na tuna karatasi, karatasi ya kweli iliyoko ofisini, inayosema siri zipi ziko wapi, ili tukiambiwa tuzibadilishe zote tujue tuanzie wapi. Dada mmoja ameuliza kama hiyo karatasi ina siri zenyewe. Hapana, dada yangu. Ina majina yake tu na mahali zilipo.

Swali la pesa nilijua litakuja. Kwenye GitHub, mradi wa wazi unaendesha mashine za kawaida bure. Mradi wa faragha kwenye akaunti ya bure unapewa dakika 2,000 kwa mwezi, na timu ya watu watatu wasiofanya fujo haizimalizi. Kwa muda mrefu dakika moja ya macOS ilihesabiwa kama dakika 10 za Linux, kwa hiyo wanaotengeneza programu za iPhone wawe waangalifu. Hifadhi maktaba kwenye kashe, akiba ya huduma yenyewe, ili zisipakuliwe upya kila mara, na kazi iliyopitwa na komiti mpya iambiwe isimame. Mnaweza pia kuunganisha kompyuta yenu ya ofisini iwe ndiyo mashine ya kuendeshea, lakini msifanye hivyo kwenye ghala la wazi, maana mtu msiyemjua anaweza kuleta pendekezo la msimbo na msimbo huo ukaendeshwa ndani ya kompyuta yenu.

Jambo la mwisho ni la kudumu kwa huduma zenyewe. Travis CI, huduma nyingine ya CI, ilianzishwa Berlin mwaka 2011, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa nyumba ya miradi ya wazi duniani, bure. Januari 2019 ikanunuliwa na kampuni ya Marekani iitwayo Idera. Juni 2021 tovuti ile ya miradi ya wazi, travis-ci.org, ikafungwa, na miradi mingi ilikuwa imekwisha kuhamia kwingine, hasa GitHub Actions, iliyokuwa imefunguliwa kwa wote Novemba 2019. Siwalaumu, mashine zinagharimu pesa. Ninachotazama ni nani aliyehama kwa urahisi. Aliyeandika maagizo yake yote kwa lugha ya huduma moja, mistari mia tatu ya YAML, namna ya uandishi wa faili hizo, alihama kwa machozi. Aliyekuwa na skripti yake, yaani faili la amri, ndani ya ghala, tuseme inaitwa pima.sh, na faili la CI halisemi chochote zaidi ya endesha pima.sh, alihama mchana mmoja. Sisi tumechagua njia hii ya pili. Ina faida nyingine pia: intaneti ikikatika siku nzima, kama ilivyotokea, skripti ile ile tunaiendesha kwenye laptopu, ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa na vitu vingine vya laptopu, iliyowekwa UTC kwa makusudi, na kazi haisimami.

Ameuliza mzee wangu hapa mbele, ambaye ameandika programu tangu siku za disketi, kama haya yote ni ya lazima kwa mfumo wa duka moja la Makoroboi. Mzee wangu, nakujibu kwa heshima. Duka moja lina mwenye duka mmoja, na hesabu yake ikikosewa hana idara ya uhasibu ya kuligundua kosa. Yeye ndiye ninayemwandikia majaribio kwanza.

Muda wangu umekwisha, na chai naiona inaingia. Baada ya chai hatutaendelea na maneno. Mwenye mradi wowote, hata wa darasani, hata ambao haujakamilika, aje nao kwenye meza hii ya mbele. Tutaandika jaribio moja na faili moja la mistari kumi na mbili, tutasukuma, na tutaliangalia likiendeshwa pale ukutani kwenye projekta. La kwanza karibu kila mara huwa jekundu. Ninataka tusome logi yake pamoja, mstari kwa mstari, mpaka tujue mgeni amekwama mlango upi. Dada wa Sengerema aliyeuliza kuhusu siri, tuanze na wako.